Kadi Tisa na Herufi Moja

Makambako, 9 Februari 2025

Dada Kristina,

Kamwene. Huku mzima, mafua tu. Upepo wa huku unaujua; juzi ulinipokonya karatasi mbili za manila mlangoni ukazifikisha barabara ya Mbeya, ikabidi dereva wa lori ashuke kunisaidia kuziokota. Shemeji Yusto mgongo unaendeleaje? Watoto wameanza shule vizuri? Mimi nimehama tena. Chumba kipya kipo nyuma ya duka hili hili la steshenari ninapouza, kwa hiyo nikifungua mlango nimeshafika kazini. Usianze kunisema kwamba hiki ni cha tatu tangu tumzike mama. Sijui kinachonihamisha. Nikikaa mahali miezi mitatu naanza kuwaza pengine.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, wewe unakata, mimi nalia mbele ya wateja. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake. Kefa, kondakta wa basi la asubuhi, atabeba bahasha zetu na kuziacha kibandani kwa mama yake hapo njia panda.

Humu ndani kuna kadi. Si ya mchango wa harusi, tulia. Ni kadi ya kubadilishana. Ukubwa wake ni wa karata moja ya kuchezea, usizidi wala usipungue. Unakata manila, unabandika juu yake karatasi za zamani, gazeti, kipande cha kanga, unachora unachotaka, halafu unapamba kwa tepu ya maua, ile ya karatasi inayochanika kwa mkono. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana watu kumi na mmoja nyuma ya duka. Sheria yetu ni moja: kadi haiuzwi wala haiombwi. Ukiitaka ya mwenzako, mpe yako. Hata Ema wa baba mdogo Anselmi, aliyehamia huku kufundisha chekechea, haikosi Jumamosi hiyo.

Ule mfuko wa makaratasi ya mama ulionipa siku ya arobaini umenifaa mno. Karatasi iliyokaa miaka thelathini ina rangi ambayo dukani haipo. Yamebaki machache chini ya mfuko.

Wasalimie wote, hata kuku.

Zita


Uwemba, 23 Februari 2025

Zita mdogo wangu,

Kamwene. Sisi tupo, mvua inatunyeshea kila siku na viazi vya bondeni vimeanza kuoza. Mgongo wa Yusto unauma akiitwa shambani, akiitwa kwenye pombe ya ulanzi unapona.

Umenitia matatani na kadi yako. Uliandika si ya mchango, lakini barua niliisoma mimi, kadi waliiona wao. Mama Kefa alitoa bahasha imefunguka kwa unyevu, akaona maua na njiwa wawili, akajua ni harusi. Hadi jioni jumuiya nzima ilikuwa na habari kwamba Zita anaolewa Makambako, na Dafroza mdogo wa jirani, yule wajina wa mama, ameshauliza sare ni ya rangi gani. Nimewaeleza kwamba ni sanaa. Wakaniuliza sanaa hiyo inaanza saa ngapi na ukumbi ni upi. Sasa nimechoka, nimewaacha waendelee kukutafutia kitambaa.

Sasa sikia. Jumanne baba mdogo Anselmi alikuja na watu wawili wenye kamba ya kupimia. Walipita shamba la mipaini lote, wakapaka rangi nyekundu kwenye mashina. Nilipomuuliza akasema shamba ni la marehemu kaka yake Odilo, kwamba mama aliazimwa tu wakati wa ujane, na aliyeazimwa akishafariki kitu kinarudi kwa wenyewe. Anauza miti na ardhi pamoja, kuna mtu anataka kupanda parachichi. Nikamwambia kaburi la mama limo humo humo pembeni. Akasema kaburi wataliruka.

Unajua kuna karatasi. Mwaka tisini na nne, baba alipofariki, waliandikishana mbele ya katibu wa kijiji kwamba shamba ni la mama. Nilikuwa na miaka minane, nilimwona baba mdogo akichovya kidole kwenye wino wa zambarau. Katibu naye ameshafariki na nakala yake haijulikani ilipo. Yetu nilijua iko kwenye bahasha ya kaki niliyoitoa ndani ya ule mfuko kabla sijakupa. Nimeifungua bahasha jana. Ndani mna kitu kingine, si karatasi ile. Hilo tutaongea siku nyingine.

Kwa hiyo angalia humo mfukoni. Ni fulskapu, wino wa bluu, dole gumba chini. Itafute leo hii, na usikate kitu chochote tena.

Dada yako


Makambako, 16 Machi 2025

Dada,

Kamwene. Najua nimechelewa. Kefa alikuwa na basi gereji, halafu mimi nikawa na homa, halafu homa ikaisha na bado sikuandika. Ema anakusalimu. Anafundisha watoto wake kutengeneza kadi kwa majani na gundi ya unga, darasa zima linanata.

Mwambie Dafroza sare ni ya kijani, afurahi.

Dada, karatasi hiyo nimeikata. Ilikuwa Desemba. Fulskapu moja inatoa kadi tisa ukipanga rula vizuri, tatu kwenda chini na tatu kwenda pembeni, unabaki ukingo mwembamba upande wa kushoto na kipande chini. Nilibandika kila moja juu ya manila. Lile dole gumba la zambarau lilikuwa zuri, lina mistari, nikalifanya mwili wa ndege. Nikalitia miguu na mdomo kwa peni nyeusi, nikamzungushia tepu ya maua ya njano. Ndiyo kadi iliyogombaniwa kuliko zote mwaka ule.

Sikuisoma. Niliona rangi tu.

Zote tisa nimeshazibadilisha. Haziko kwangu hata moja. Ndege anaye Ema.

Nisamehe. Najua neno hilo halitoshi, ila sina jingine leo.

Zita


Uwemba, 20 Machi 2025

Zita,

Tumeamka salama.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Wewe uliyekuwa ukisoma hata gazeti lililofungia vitumbua, ukituchelewesha wote kula, leo unaniambia ulishika karatasi yenye dole gumba na mhuri na usisome hata mstari mmoja. Haya. Umesema hukusoma.

Baraza la ardhi la kijiji limepanga kutusikiliza tarehe kumi na nne Juni. Ni usuluhishi, kila upande ulete ulichonacho. Baba mdogo ana wanawe, kaka zetu wanne, wa kumshuhudia. Mimi nina mashina yenye rangi nyekundu. Kila nikienda kuchota maji napita pale, namwona mama amelala katikati ya miti iliyotiwa alama kama ng'ombe wa mnadani, nakasirika mpaka ndoo inamwagika. Alipanda miche hiyo nikimbebea maji kwa kopo. Wakiikata wakauza na ardhi, Zita, hatuna tena mahali pa kusema ni kwetu.

Zirudishe hizo kadi. Sheria yenu ya kubadilishana siijui na sitaki kuijua. Wafuate walipo.

Kristina


Makambako, 4 Mei 2025

Dada,

Kamwene. Mwanao wa mwisho ameota meno? Huku baridi imeanza, nimenunua sweta la mtumba lenye jina la shule nisiyoijua.

Sikukujibu kwa sababu sikutaka kuandika mikono mitupu. Sasa ninazo nane, zimo humu, nimezifunga kwa kitambaa. Usizikunje.

Kila mwenye kadi nilimwendea, na hakuna niliyemwomba. Nilikaa wiki mbili nikitengeneza mpya, nikawapelekea wachague. Kefa alikuwa nayo moja, ameibandika kwenye kioo cha basi. Alichagua yenye picha ya tairi. Mzee Timoth fundi viatu alikuwa na mbili, akachukua moja tu kwa mbili, akasema uso wangu umemtia huruma. Prisila muuguzi alishahamia Lugarawa na yake. Nikapanda gari mpaka Njombe, nikalala kwa rafiki, asubuhi nikaendelea Lugarawa, nikamkuta yuko zamu, nikamsubiri kwenye benchi la wagonjwa mpaka mtu akaniuliza naumwa nini. Ndiyo, nilipita Njombe na sikuja Uwemba. Nilifika stendi nikaona gari la kwenu, nikasimama mlangoni pake, halafu miguu ikageuka. Usiniulize.

Ya Ema ndiyo bado. Nilimwalika chai nikamweleza yote, kwamba karatasi ilikuwa nini na ndege amechorwa juu ya kidole cha nani. Aliitoa kadi kwenye daftari lake akaitazama. Katikati ya dole kuna mstari mweupe umepita kwa mshazari. Mimi niliufanya bawa. Ema akasema huo si mstari, ni kovu la shoka, na anaujua tangu utotoni kwa sababu baba yake alikuwa akimpangusa pua kwa kidole hicho. Akairudisha kadi daftarini, akaondoka, chai yake ikapoa mezani.

Tangu siku hiyo Jumamosi haji.

Dada, na mimi nikuulize. Wewe karatasi hiyo uliwahi kuisoma?

Zita


Uwemba, 18 Mei 2025

Zita,

Kamwene. Meno ameota mawili na ameshamng'ata bibi yake, mama yake Yusto. Ukungu haujatoka siku tatu, hata jogoo anawika saa nne.

Kadi nane nimezipata. Zilikuwa nzuri, sikatai. Ile yenye kitambaa cha kanga ya mama nilitaka kuiacha ilivyo. Lakini nilichemsha birika, nikashikilia kila moja juu ya mvuke, tepu zikaachia polepole. Kumbe hizo tepu zako zina adabu, hazing'oi wino. Michoro ya peni haikutoka, kwa hiyo kati ya maneno ya serikali ya kijiji kuna samaki, kuna kikombe, kuna mwanamke mwenye miguu mitatu sijui ulikuwa unawaza nini.

Nimezipanga mezani. Yusto akazisoma kwa sauti, na kila mstari umepoteza herufi ya mwanzo au mbili, kwa sababu ya ule ukingo uliobaki upande wa kushoto. Shamba limekuwa amba, mbele limekuwa bele. Tumecheka, Mungu anisamehe, tumecheka mpaka watoto wakaja kutazama. Hata hivyo inasomeka. Mwaka upo, mipaka ipo, mto upo, mama ameandika jina lake mwenyewe kwa zile herufi zake za kisomo cha watu wazima, kila moja imesimama peke yake. Kinachokosekana ni pembe ya chini yenye dole. Bila dole, baba mdogo atasema tumeandika wenyewe.

Umeniuliza kama niliwahi kuisoma. Hapana. Nilikuwa mtoto.

Ukingo uliutupa?

Kristina


Makambako, 6 Juni 2025

Dada,

Kamwene. Natumaini bibi wa watu amepona meno ya mjukuu. Mimi silali vizuri, siumwi, silali tu. Nimekuwa nikikata manila mpaka bosi wangu ameuliza kama tumepata oda.

Ndege huyu hapa, kwenye bahasha ndogo.

Ema alikuja Jumatatu na daftari lake kwapani. Hakukaa. Nakuandikia alivyosema kwa sababu sitaki kuongeza langu: "Nikikupa bure nimemgeuka baba. Nikikunyima nimewafukuza ninyi na marehemu. Basi tufanye kadi tu. Weka zako mezani nichague." Nikaziweka zote mezani, thelathini na kitu. Akachagua mbovu kuliko zote, ambayo gundi ilimwagikia, haina hata tepu. Akaniambia baraza likimaliza, ndege arudi kwake, tutabadilishana tena. Baba yake anatetemeka mikono siku hizi na hatabonyeza kidole kizuri hivyo tena. Nimemuahidi. Na wewe nisaidie kuitimiza ahadi hiyo.

Sasa langu. Nilikudanganya. Niliisoma.

Niliisoma mstari kwa mstari, nikiwa nimekaa kitandani na wembe mkononi. Imeandikwa shamba ni la Dafroza na mtoto wake. Mtoto. Siyo watoto. Mtoto mmoja, naye ni wewe. Mimi najua nilizaliwa miaka mitatu baada ya baba Odilo kufariki, na baba yangu ni nani hakuna aliyewahi kuniambia, hata mama. Najua baba mdogo Anselmi hajawahi kunitaja kwa jina, kwake mimi ni yule wa Dafroza. Lakini wewe maisha yote uliniambia shamba letu. Mipaini yetu. Nilikuwa nakuja likizo napalilia, mikono inatoka malengelenge, naambiwa letu. Nikajiuliza dada amejua lini kwamba si langu, na kwa nini amenipa mfuko huu. Nikadhani umenipa ili nisome. Nikaweka rula.

Kwa hiyo si rangi. Ni hasira. Sasa unajua kwa nini miguu iligeuka stendi.

Ukishinda, mimi nitafurahi, na ni kweli. Lakini shamba ni lako.

Zita


Uwemba, 15 Juni 2025

Zita,

Kamwene. Leo sitauliza hali, najua hulali. Mimi pia. Nakuandikia kabla ya kwenda misa ili nisipunguze kitu.

Jana tulifika saa tatu, baridi imetuuma, mwenyekiti amevaa koti juu ya koti. Kaka zetu wanne walisema kila mmoja lile lile la kuazimwa. Nikaulizwa nina nini. Nikafungua kitambaa, nikapanga kadi tisa kwenye meza yao kama mtu anayegawa karata. Mjumbe mmoja akasema hapa si mahali pa michezo. Mwenyekiti akavaa miwani akaanza kusoma kwa sauti, amba la bondeni, na watu wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke. Alipofika kwa ndege akaiinua kadi kwenye mwanga. Akamwita baba mdogo, akamwomba alete mkono wake wa kulia.

Baba mdogo aliweka kidole karibu na kadi. Kovu kwa kovu. Mkono ulikuwa unatetemeka kweli, Ema hakusema uongo. Alimtazama ndege muda mrefu, miguu ile uliyomchorea na mdomo, kisha akasema ndege huyo ni wake. Hakubishana tena. Naona alichoka kubishana tangu siku ya rangi nyekundu, ila alikuwa na watoto wa kiume nyuma yake wakimsukuma.

Sasa hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome vizuri. Mwenyekiti alikuwa anaandikisha makubaliano mapya, akakwama kwenye mstari mmoja. Akasema hapa naona toto wake, herufi za mbele zimekatwa. Akaniuliza, "Ni mtoto wake au watoto wake?"

Watu waliokuwepo mwaka ule na bado wako hai ni wawili, mimi na baba mdogo. Yeye hajui kusoma, lakini alisomewa. Nami nilikudanganya, karatasi naijua. Niliisoma nikiwa darasa la sita, siku mama alipoianika juani, na tangu siku hiyo nilikuficha, kwa sababu wewe ulikuwa na miaka miwili na ulikuwa unalala mgongoni kwangu. Sikukupa mfuko ili usome. Nilikuwa na hakika karatasi iko kwenye bahasha, na bahasha nilikuwa nayo mimi. Nilitaka usiione mpaka mwisho wa dunia. Kumbe niliificha bahasha nyingine.

Nikasema, "Watoto."

Baba mdogo aliinua kichwa. Nikajua, Zita, sasa ananiumbua mbele ya watu. Mwenyekiti akamuuliza yeye anakumbukaje. Akasema, "Dafroza alikuwa na wawili. Kila mtu anawajua." Akavaa kofia yake.

Wameandika watoto. Jina langu lipo na sahihi yangu ipo. Chini yake kuna nafasi yako, mwenyekiti alitaka niijaze nikamkatalia. Wametoa mpaka mwisho wa Julai uje mwenyewe na kitambulisho. Usipokuja wataandika mimi peke yangu.

Ndege nimempa Ema mkononi, alikuja na basi la jana asubuhi akakaa benchi la nyuma kabisa, si upande wao wala upande wangu. Yeye akanipa kadi yenye majani ya watoto wake. Inanata.

Njoo.

Dada yako


Makambako, 6 Julai 2025

Dada Kristina,

Kamwene. Nimefunga begi mara mbili na kulifungua mara mbili. Kefa ameacha kuniuliza.

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo, nimeiunga kwa tepu ya maua. Sikujua kwamba mtu anaweza kuniachia nusu ya kitu kwa neno moja, na kwa sababu yangu akasema mbele ya baraza jambo analojua halikuandikwa hivyo. Ninakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na sijui nianze na kipi.

Lakini kuna kitu sijakujibu. Uliuliza ukingo. Sikuutupa. Ninao kwenye kopo la tepu tangu Desemba, umekunjwa mara tatu. Ni herufi za mwanzo tu za kila mstari, ukiusoma haueleweki. Mstari wa saba una m. Iko peke yake, imeandikwa vizuri sana, katibu alikuwa na mwandiko.

Nilikuwa nautoa naitazama ile m ninapotaka kukasirika. Sasa nautoa naogopa. Wanao wakija kuuona kesho kutwa, au kaka zetu, watasema dada yangu ni mwongo na mimi ni mwizi. Nikiuchoma, nitasaini juu ya jivu. Nikiuleta, nimekuletea ushahidi dhidi yako. Nimebandika tepu juu yake mara tatu na kuibandua, na dada, hizo tepu umesema zina adabu, chini yake m bado ipo.

Niambie nifanye nini. Nikiambiwa nitafanya.

Zita


Uwemba, 11 Julai 2025

Zita mtoto wa mama,

Kamwene. Asubuhi ya leo majani yalikuwa meupe kwa baridi, viazi vimeungua. Yusto amechubua rangi nyekundu kwenye miti yote kwa panga, bila kuitwa, na mgongo haukumuuma.

Usiuchome.

Nilikuambia kwenye bahasha ya kaki mna kitu kingine na tutaongea siku nyingine. Siku yenyewe ni hii. Ni kadi yako ya kliniki. Ile ya kupimia uzito, imekunjika, ina doa la mafuta ya taa. Mama aliitunza mahali ambapo mtu mwingine angetunza hati ya shamba, na ndiyo maana nilikosea. Palipoandikwa jina la baba ameacha wazi, hilo sina la kukusaidia, aliondoka nalo. Palipoandikwa ni uzazi wa ngapi, panatakiwa namba tu. Yeye hakuandika namba. Ameandika kwa herufi zake zile zinazosimama moja moja, mpaka zimetoka nje ya kisanduku: mtoto wangu wa pili.

Kwa hiyo m zipo mbili. Moja iliandikwa na katibu mwaka ambao wewe ulikuwa hujazaliwa. Hakukosea, aliwahi tu kumaliza kuandika. Nyingine aliandika mwenyewe mwenye shamba, na mkononi alikuwa amekubeba. Hii nitaiweka mezani kwa mwenyekiti, na nitamwambia kwa kinywa changu yaliyoandikwa kwenye ukingo, halafu aamue anayeweza kuamua. Sitaki usaini ukiogopa.

Kadi hiyo sitakutumia kwa Kefa. Hiyo haibebwi na kondakta. Na usiniombe, maana sheria yenu sasa naijua. Panda basi la Jumamosi na sweta lako la shule ya watu.

Lete ya katibu, uchukue ya mama.

Kristina